Jogoo Auzwe, Asiuzwe

Kitabu ni chembamba, mtu anakimaliza kwa jioni moja. Kimetoka kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kando ya njia, kikiwa kimebanwa katikati ya mwongozo wa hesabu za kidato cha nne na riwaya ya mapenzi isiyo na jalada. Ni tafsiri ya Kiingereza ya *El coronel no tiene quien le escriba* ya Gabriel García Márquez wa Colombia, habari za kanali mzee asiye na wa kumwandikia barua. Aliyekuwa nacho kabla alipita humo na penseli, na hakujishughulisha na sentensi nzuri. Alizungushia duara fedha tu: kila palipotajwa peso na senti, kila deni, kila bei ya kitu kilichouzwa au kilichokosa mnunuzi. Pembeni akawa anajumlisha na kutoa.

Msomaji huyo simjui, lakini naamini alikisoma kitabu hiki inavyopaswa kusomwa. Riwaya nyingi za uzee hutulia kwenye kumbukumbu na majuto. Hii inahesabu vijiko vya kahawa.

Kwa asiyeisoma: kanali ana miaka 75 na anaishi na mkewe mwenye pumu katika mji mdogo wa kando ya mto. Ujanani alipigana upande wa Waliberali katika Vita vya Siku Elfu Moja, vilivyoanza 1899 na kwisha 1902. Yeye ndiye aliyefikisha fedha za waasi, masanduku mawili juu ya nyumbu, hadi Neerlandia ambako mkataba wa amani ulikuwa ukitiwa sahihi, naye akapewa stakabadhi. Serikali iliahidi pensheni. Kila Ijumaa anakwenda gatini kuipokea mashua ya posta, na kila Ijumaa hana barua. Mtoto wao wa pekee, Agustín, fundi cherehani, ameuawa kwa risasi kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo kwa sababu ya kusambaza karatasi za siri. Amewaachia jogoo wa mapigano. Hadithi inaanza Oktoba na pambano ni Januari 20. Wakimtunza jogoo, hawali. Wakimuuza, watakula.

Mjadala ufuatao nimeupanga mwenyewe kwa sauti tatu. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mama lishe, ambaye kibandani kwake kitabu kinasomwa kwa sauti huku kikitafsiriwa papo hapo. Na binti anayesomea sheria, ndiye msomaji. Hoja zao si za kubuni tupu. Ni hoja ninazozisikia kila panapozungumzwa wazee na fedha zao.

MWALIMU: Nianze na jibu langu nisije nikawachosha. Jogoo asiuzwe. Yule si kitoweo, ndicho kitu kilichobaki cha mtoto wao. Wewe umezika mwana, halafu uende kukiuza alichokiacha, na umuuzie nani? Don Sabas! Mtu aliyetajirika kwa kununua kwa bei ya kutupa mali za wenzake wa chama waliofukuzwa mjini. Ni yeye mwenyewe aliyemwambia kanali kwamba jogoo yule ana thamani ya peso 900. Siku kanali aliporudi kwa njaa, mnunuzi akawa yupo wa 400.

MAMA LISHE: Binti, hiyo 900 ingewalisha muda gani?

BINTI: Kwa hesabu yao wenyewe, shangazi, miaka mitatu.

MAMA LISHE: Basi hata hiyo 400 ni zaidi ya mwaka. Mwalimu, mimi sibishani nawe juu ya Sabas. Sabas ni mwizi. Lakini mwaka mzima mwanamke mwenye pumu alale ameshiba, hilo si jambo la kulipita hivi hivi.

MWALIMU: Na heshima?

MAMA LISHE: Heshima inapikwa na nani?

Nasimama hapo, kwa kuwa wengi wanaokisifu kitabu hiki hulipita swali hilo mbio. Wanamsifu kanali kwa kutokukata tamaa. Hawaangalii nani anaingia jikoni.

BINTI: Ngoja niwasomee vizuri kipande cha mke. Anamwambia mumewe kwamba mara kadhaa amelazimika kubandika mawe motoni, yachemke, majirani wasijue kwamba kwao siku nyingi zinapita bila chungu kuinjikwa.

MAMA LISHE: Mawe?

BINTI: Mawe, shangazi.

MAMA LISHE: Hiyo naijua. Hiyo tumefundishwa chuoni tukiwa wadogo. Sayyidna Umar, khalifa, anazunguka usiku nje ya Madina na mtumishi wake Aslam. Anaona moto, mama ameinjika chungu, watoto wanalia. Anauliza, mbona watoto wanalia? Njaa. Na chunguni mna nini? Maji. Sisi mwalimu wetu alituambia maji na mawe, watoto wasikie kinatokota, wabembelezeke walale. Na yule mama anamlaumu khalifa kwa hali yake bila kujua kwamba anayemsikiliza ndiye. Umar akarudi mbio hadi kwenye hazina, akatoa unga na mafuta. Aslam akataka kumbebea. Akakataa. Akamuuliza kama siku ya Kiyama pia atambebea mzigo wake. Akajitwika mwenyewe, akaenda, akawapikia kwa mikono yake, moshi ukimpita ndevuni.

MWALIMU: Hadithi kubwa.

MAMA LISHE: Kubwa, lakini angalia tofauti. Yule wa Madina anachemsha mawe watoto walale. Huyu wa kitabuni hana mtoto wa kumlaza, mtoto ameuawa. Anachemshia majirani. Anailinda heshima ya mume kwa kuni zake na pumzi yake, na pumzi yenyewe hana! Halafu mnaniambia mwenye heshima katika nyumba ile ni mwanamume.

Palipotajwa mawe hapana peso wala senti. Hata hivyo msomaji wa penseli amepachora mstari, mmoja tu wa namna hiyo katika kitabu kizima.

MWALIMU: Mama, usimwonee mzee wa watu. Kitabu kinaanza na yeye akikwangua kopo la kahawa hadi kutu, anapata kijiko kimoja, anampa mkewe, anamdanganya kwamba yeye ameshakunywa. Mwanamume wa namna hiyo si mbinafsi.

MAMA LISHE: Sijasema mbinafsi. Kwa kahawa amefanya vizuri. Nasema ana njaa ya kiungwana, na mwenzake ana njaa ya kazi. Binti, ile pete ilikuwaje?

BINTI: Mke alikwenda kwa padri kuomba mkopo kwa rehani ya pete za ndoa. Padri akamwambia ni dhambi kufanya biashara na vitu vitakatifu. Saa ya ukutani nayo ilihangaikiwa, ikakosa mtu, kwa sababu siku hizo watu wanapata kwa mkopo saa za kisasa zenye tarakimu zinazong'aa gizani. Kanali mwenyewe alitumwa aipeleke saa kwa mafundi cherehani, wenzake Agustín. Alipofika, akasema anaipeleka kutengenezwa.

MAMA LISHE: Unaona! Mke amekwenda hadi kwa padri, amefungua mdomo, amesema tuna njaa, akakataliwa. Mume amefika mlangoni, mdomo ukamwia mzito. Aibu yote imebebwa na nani?

Mwalimu hana jibu la haraka kwa hilo, nami sina la kumsaidia. Lakini ana hoja nyingine iliyo nzito zaidi, na ninaitaka isikike kwa urefu wake, maana bila hiyo kitabu kinageuka kuwa kesi ya ndoa, na hakikuandikwa kwa ajili hiyo.

MWALIMU: Basi nisikilizeni. Mji ule umefungwa midomo. Magazeti yanapita kwenye mikasi ya serikali kabla ya kufika, habari za kweli zinanakiliwa kwa siri, daktari ndiye anayempitishia kanali. Kurasa za mwanzo zina mazishi, na kanali anamwambia mkewe kuwa ni mtu wa kwanza kufa kifo cha kawaida kwa miaka mingi. Mnaelewa maana yake? Wengine wote waliuawa. Sasa siku vijana wanapomchukua jogoo kumfanyisha mazoezi uwanjani, mji unaamka. Watu wanapiga kelele, watoto wanakimbia. Kanali anambeba jogoo kifuani kurudi naye nyumbani na umma unamsindikiza. Ni mara ya kwanza baada ya miaka kuwaona watu wake wakiwa hai. Hapo ndipo anapoamua hamuuzi na fedha ya Sabas, peso 60 alizokuwa amempa za utangulizi, atairudisha. Jogoo ameshakuwa wa mji mzima. Wanasema wenyewe.

MAMA LISHE: Jogoo wa mji mzima, mbona njaa ya nyumba moja?

MWALIMU: Vijana walileta mahindi.

MAMA LISHE: Ya nani?

MWALIMU: Ya jogoo.

BINTI: Na wao wazee wakayala. Siku moja kanali anakuta uji wa mahindi, anauliza umetoka wapi. Mkewe anamwambia umetoka kwa jogoo. Vijana walimletea mengi, naye akaamua kuwagawia.

MAMA LISHE: Yaa Rabi. Kuku anawalisha watu. Mji mzima umepita pale mlangoni na gunia, hakuna aliyeuliza ninyi wenyewe mmekula nini. Mwalimu, mimi ningekubali jogoo asiuzwe kama mji ungesema: huyu wetu, na wenye kumtunza ni wetu. Mji haukusema hivyo. Umechukua furaha, gharama umeiacha ndani ya nyumba.

Nadhani hapo ndipo mama lishe alipoligusa jambo ambalo Mwalimu, kwa kulipenda taifa lake, hataki kuliona. Tunawapenda wazee wetu kama alama. Siku ya Mashujaa tunawapanga mstari wa mbele, tunawapigia saluti, tunawapa maji ya chupa. Jumatatu yake wanapanga foleni ya dirishani kama kawaida. Mapenzi ya namna hiyo ni mahindi ya jogoo.

BINTI: Mimi naona nyote wawili mmeshika mtu asiye na kosa. Mnamhukumu kanali, mnamhukumu mji. Mwenye deni mmemwacha. Kanali haombi sadaka. Ana stakabadhi! Alikabidhi fedha za vita zote, hakuchota hata peso moja, na mkono wa Kanali Aureliano Buendía wa jeshi la waasi mwenyewe ndio ulioandika kwamba zimepokelewa. Ilimchukua miaka minane kuthibitisha kuwa anastahili, na mingine sita kuingizwa kwenye orodha ya wastaafu wa vita. Baada ya hapo, kimya. Anapomwendea wakili wake azidai zile karatasi, wakili anamweleza kwamba katika miaka 15 wamepita marais saba, kila rais akabadili mawaziri mara kumi, na kila waziri akabadili watumishi wake mara mia. Stakabadhi iko ndani ya mafaili yao, hakuna ajuaye kwa nani.

MWALIMU: Faili limepotea. Njoo wiki ijayo.

BINTI: Hiyo ndiyo mbinu, babu. Huhitaji kumnyima mzee haki yake. Mwambie tu asubiri, umri utakufanyia kazi iliyobaki. Wenzake kanali karibu wote wamekufa wakiingojea posta.

MWALIMU: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tuliwafundisha watoto methali ile bila kufikiri kwamba ni habari ya tumbo kweli.

Wala hiyo si habari ya Colombia peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege waliachwa na madai mikononi. Zaidi ya miaka 30 baadaye wastaafu wake Tanzania walikuwa bado wanakwenda mahakamani, wakipungua mwaka hadi mwaka. Na García Márquez hakulitafuta jambo hili mbali. Babu yake mzaa mama, Nicolás Márquez, alipigana vita vile vile, akaingoja pensheni ile ile, akafa mwaka 1937 haijafika. Mjukuu alikiandika kitabu mjini Paris, akakimaliza Januari 1957, katika chumba cha hoteli alichoshindwa kukilipia, kwa sababu utawala wa Jenerali Rojas Pinilla ulikuwa umelifungia gazeti lake, El Espectador. Naye alikuwa anangoja posta. Kitabu kilitoka kwanza katika jarida mwaka 1958, kikatoka chenyewe mwaka 1961.

MWALIMU: Sisi tuna neno letu siku hizi, kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa, ikatoka kanuni kwamba mkupuo wa mwanzo uwe robo tu ya mafao. Watumishi wakapiga kelele, Rais Magufuli akaisimamisha Desemba mwaka ule ule. Mwaka 2022 ikarudi kwa asilimia 33, na 2024 wengine tuliokuwa tukipata nusu tukapandishiwa hadi 40. Mtu unastaafu hujui kiinua mgongo chako kitatosha kuezeka nyumba au hakitatosha.

MAMA LISHE: Mwalimu, nakusikia na ninakuonea huruma kwa kweli. Lakini wewe unabishania asilimia. Mimi hakuna anayenikokotolea. Nimeamka saa kumi alfajiri tangu nikiwa msichana, nimewalisha mafundi, makuli, madereva, na wewe mwenyewe ukiwa huna mshahara nimekukopesha wali maharage. Mimi nikizeeka mkupuo wangu ni upi?

MWALIMU: Watoto, mama.

MAMA LISHE: Mtoto wa kanali aliuawa.

Kimya kidogo. Binti anaingia na jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo linalokipeleka kitabu hiki mbele ya kitabu chenyewe.

BINTI: Zanzibar walianza Aprili 2016. Kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa karani, mvuvi, mkulima wa mwani au hakuwa na kazi ya kuandikwa popote, anapata pensheni jamii. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Haulizwi stakabadhi. Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na kuendelea.

MWALIMU: Elfu ishirini, binti yangu, ilikuwa mchele wa siku chache.

BINTI: Ilikuwa kidogo, babu, sikatai. Lakini haidaiwi kwa wakili. Hilo ndilo ninalolipigania. Kanali alifanywa athibitishe kwa miaka minane kwamba ni kanali. Mzee wa Unguja anathibitisha umri na makazi tu.

MAMA LISHE: Hapo mtu amejitwika unga japo kibaba. Ongezeni ujae gunia.

MWALIMU: Mimi bado narudi kwa jogoo. Ninyi mnataka mzee apewe chakula, nami nataka. Lakini mzee si tumbo peke yake. Siku ukimwambia auze cha mwisho anachokipenda ndipo mumpe sahani, mmeshamgeuza omba omba. Hata mwenye njaa ana haki ya kukataa bei ya Sabas.

Hilo nalikubali kwa moyo wote. Haki ya kukataa bei ya mnyonyaji ni haki, na maskini wananyimwa hiyo kabla ya nyingine zote. Ninachokikataa ni kuidai kutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Kanali alipoamua kwamba jogoo hauzwi, hakumuuliza mwenye chungu. Miezi tisa walikuwa wameishi kwa fedha ya cherehani ya mtoto, wakiichota senti kwa senti, na sasa imekwisha. Uamuzi ulikuwa wa wawili, ameutoa mmoja.

MAMA LISHE: Na mwisho wake inakuwaje? Jogoo anashinda?

BINTI: Hatufiki Januari, shangazi. Kitabu kinaishia usiku, kitandani. Mke anauliza, na kama jogoo akishindwa? Mume anasema hawezi kushindwa. Mke anauliza, na hadi siku hiyo tutakula nini? Anamkamata shati, anamtikisa. Na kanali, baada ya miaka 75, anajiona msafi, wazi, hashindwi na lolote. Anamjibu kwa neno moja.

MAMA LISHE: Neno gani?

BINTI: Tusi. La chooni.

MWALIMU: Na hapo ndipo mtu anasimama wima! Maisha yake yote alikuwa mpole, wa "nitakuja Ijumaa", wa kungoja mbele ya karani wa posta. Sasa amelitaja kwa jina lake lile ambalo serikali inawalisha. Wahakiki wengi wanauona huo kuwa ushindi, nami niko pamoja nao.

MAMA LISHE: Mwalimu, karani alilisikia?

MWALIMU: Hakulisikia.

MAMA LISHE: Waziri? Sabas? Padri?

MWALIMU: Hawakuwepo.

MAMA LISHE: Miaka 75 analitafuta neno, amelipata, na aliyepigwa nalo usoni ni mgonjwa wa pumu aliyeuliza watakula nini. Swali la haki. Mwenye mji hakuuliza, mwenye nchi hakuuliza. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza.

BINTI: Hakumtukana yeye, shangazi. Alikuwa anajibu swali.

MAMA LISHE: Najua. Lakini mwandishi wenu amefunga kitabu hapo hapo. Mke hakupewa nafasi.

Ni kweli. Nimezisoma tena kurasa zile. Baada ya neno la kanali hakuna mstari mwingine, na penseli nayo imekoma, jumla ya mwisho haikuandikwa.

BINTI: Ungepewa wewe ukurasa mmoja wa kuongeza, ungemwandikia mke aseme nini?

MAMA LISHE: Asingesema kipya. Angeliacha tusi lipite, angesubiri mume apumue, halafu angemuuliza tena: tutakula nini?